Mivinje Yetu na Maji ya Jirani

 

Kila masika yanapokaribia, akina mama wa hapa kwetu Waa hutujia na swali moja. Wataka mti wa kupanda kando ya ua: ukue haraka, usipukutike majani ukabaki uchi, matawi yake yainame na kuning'inia, na usitiri uani ili mwanamke apate kufua na kuanika nguo zake bila ya kujifunika kama aendaye sokoni. Siku hizi huja na simu mkononi, wakatuonyesha picha za bustani za ng'ambo zenye miti ya jamii ya msonobari na mwerezi, kijani mwaka mzima, matawi yameshuka hadi chini kama buibui lililotundikwa kambani. Husema, "Maalim, huu hapa. Utaota kwetu?"

Jawabu la swali hilo tunalijua kwa kusoma na kwa kuumia, na leo twataka kulieleza kwa urefu, kwani mti huo umetufundisha katika uzee wetu jambo ambalo tulikuwa tukilisomesha tangu ujana.

Tuanze na zile picha. Mingi ya miti ile ni ya nchi za baridi. Mwerezi wa milima ya Himalaya, ambao ndio mti wa taifa la Pakistan, una ncha zinazoinama kwa haiba kubwa, lakini umeumbwa kwa milima na theluji. Ukiuleta katika mchanga wetu wenye chumvi na joto la Februari, utakonda kama mgeni aliyenyimwa chakula. Saiprasi mnayoiona Limuru na Nyeri, iliyopangwa ua mrefu wa kijani, nayo ni ya bara. Hapa pwani huota kwa shida, na wadudu huimaliza. Katika jamii hiyo ya kweli, unaovumilia hewa ya bahari ni araukaria, ule mti wa ngazi ngazi unaopandwa katika mahoteli ya Diani. Huo ni mzuri kwa macho, ila matawi yake hayaning'inii, na stara yake ni ndogo.

Kuna na mwashoki, mti wa Kihindi uliojaa Mombasa, mwembamba kama mnara, majani marefu yakitazama chini toka kileleni hadi shinani. Huo nao si wa jamii ya msonobari, bali majani yake ni mapana kidogo, yang'aayo. Kwa mwenye kiwanja kidogo twausifu sana, maana hautanuki. Aibu yake ni kwamba ukizaa, popo huja usiku kula matunda, na asubuhi ukuta uliopakwa chokaa huwa na madoa yasiyotoka.

Unabaki mvinje, na huo ndio tulioupanda sisi.

Muuza miche wa kando ya barabara alituuzia kwa jina la "msonobari wa pwani". Hakusema uongo kwa makusudi. Hata Wazungu huuita hivyo. Lakini mvinje si msonobari. Chukua kile kinachoonekana kama sindano ya kijani, uitazame kwa karibu: ina vifundo vifundo kama muwa mdogo sana, na ukivuta huachana kwenye kifundo. Sindano ile ni kitawi. Majani yenyewe ni vijino vidogo mno vinavyozunguka kila kifundo, hata macho ya mtu wa hamsini hayavioni bila ya miwani. Na kile kitunda kikavu chenye umbo la nanasi dogo, ambacho watoto hukikanyaga kwa nyayo tupu wakalia, si koni ya msonobari ijapokuwa chafanana nayo. Mvinje ni mti wa maua, ila maua yake ni manyonge, hayana rangi ya kumwita nyuki. Upepo ndio unaoyatumikia. Subhanallah, mti umevaa vazi la jamii nyingine na watu wote tukasadiki.

Uwezo wake ni mkubwa kuliko sura yake. Mizizini una vinundu ambamo huishi viumbe vidogo visivyoonekana, na hao huchukua naitrojeni iliyo hewani wakaifanya mbolea. Ndiyo maana mvinje husimama juu ya mchanga mtupu na jiwe la matumbawe, mahali ambapo hata mbaazi hukataa. Wasomaji waliofika Bamburi wameona ushahidi. Pale kiwanda cha saruji kilipokuwa kimechimba mawe na kuacha mashimo meupe kama mifupa, mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu kuotesha miti. Alijaribu aina 26, zikasalimika tatu tu: mnazi, mdamasi na mvinje. Hata hivyo mvinje ulimletea shida ya pili. Sindano zake zilirundikana chini, zikawa busati zito lisilooza. Zilipoletwa jongoo wale wenye miguu myekundu, zikala zile sindano na kuacha udongo. Leo pana msitu. Tukumbuke sana hilo busati la sindano, kwa sababu ndilo lililotufikisha kwa jirani.

Kisa chetu ni hiki. Mwaka 2010, upande wa kibla wa nyumba yetu, nyuma ya kiwanja cha jirani, palijengwa nyumba ya ghorofa ya kupangisha. Madirisha yake yakawa yanatazama moja kwa moja uani kwetu. Tulikuwa na mabinti wanne nyumbani wakati huo, na mama yao. Mtu asiyeishi na wanawake hajui maana ya kupotea kwa ua. Kisima kiko uani, jiko liko uani, kamba ya nguo iko uani. Ghafla kila kitu kikawa cha kufanywa kwa mtandio kichwani, hata kusuka nywele kukahamia chumbani kwenye joto. Mama watoto wetu hakulalamika sana. Alisema mara moja tu, "Nyumba hii imekuwa barabara." Kuinua ukuta kwa matofali kulikuwa nje ya uwezo wa mwalimu wa madrasa.

Basi masika ya 2011 tukapanda mivinje tisa kwenye mpaka wa upande wa kibla, dhiraa mbili kutoka ukuta wa jirani, na hatua mbili baina ya mche na mche. Tulifanya mengi sawasawa. Mashimo tuliyachimba mapana, tukatia samadi ya mbuzi, na tukachota udongo wa chini ya mvinje mkongwe wa ufukweni, ndoo mbili, tukauchanganya ili vile viumbe vya mizizini vipate kuingia. Hilo ni jambo ambalo wengi hawalijui, na mche usio na udongo huo huweza kudumaa na kuwa wa manjano. Tuliinywesha maji jioni hadi mvua ikakolea. Baada ya hapo hatukuigusa. Mwaka wa tatu ilikuwa imepita ukuta, na mwaka wa tano madirisha ya ghorofa hayakuonekana tena. Mabinti walirudi uani na ndoo zao na masufuria yao. Tulikuwa tukiketi kwenye mkeka baada ya Alasiri, tukatazama yale matawi membamba yakicheza, tukajisifu kimoyomoyo. Tulikumbuka na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba apandaye mti akala ndani yake ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ndege walikuwapo. Hesabu yetu ilituridhisha.

Ikapita miaka minane tangu kupanda.

Siku moja mwaka 2019, katika miezi ya kusi, tulikuwa tukisomesha mlango wa maji kwa watoto wa madrasa. Waliopita madrasa wanaujua mlango huo: maji yanayotwaharisha, na maji yanayobadilika rangi, tamu au harufu. Mtoto mmoja wa miaka kama tisa akainua mkono. "Maalim, maji yakiwa mekundu kama chai kwa ajili ya majani, yafaa kutawadhia?" Tukamjibu upesi, kama mtu anayesoma ubaoni: ikiwa majani yameanguka yenyewe kutoka mtini na ni vigumu kuyazuia, katika madh-hebu yetu ya Imamu Shafi maji hayo yangali yanatwaharisha, kubadilika kwake kumesamehewa. Akatikisa kichwa kwa furaha. "Basi nitamwambia Bibi. Yeye huenda kuteka kisimani kwa watu."

Tukauliza, kwa nini ateke kwa watu, naye ana tangi?

"Tangi limejaa majani ya mti wenu, Maalim."

Alikuwa mjukuu wa jirani yetu wa upande wa kibla, mjane mtu mzima, ambaye ukuta wake uko dhiraa mbili kutoka mivinje yetu. Jawabu letu lilikuwa sahihi kwa kitabu, na hatujapata kuona haya kwa jawabu sahihi kama siku ile.

Hapa Waa, kama wasomaji wajuavyo, visima vingi vya karibu na bahari ni vya maji ya chumvi. Mwenye bati na gata huvuna mvua, na maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia chai, na ya kutawadhia kwa raha. Kusi likivuma kutoka kusini huzipeperusha sindano za mivinje yetu kwenda upande wa kibla, juu ya bati la yule mama. Zilijaza gata, zikaziba bomba, na zile zilizopita ziliingia tangini zikalowa humo wiki baada ya wiki mpaka maji yakawa kama chai ya rangi. Kaskazi likivuma, sindano huanguka uani kwetu. Sisi tulikuwa tukiziona za kaskazi tu, tukazifagia, tukasema mti huu hauna taka nyingi.

Jioni ile tulikwenda na mama watoto wetu. Hatukwenda peke yetu kwa sababu ni mjane, na pia, tukiri, kwa sababu tuliogopa. Akatukaribisha barazani, akaleta kahawa. Tulipotaka udhuru, aliinamisha kichwa akicheka kidogo.

"Maalim, mimi nilishaizoea. Kila mwezi nampandisha mjukuu juu ya bati anasafisha."

Tukalitazama bati. Lina kutu na ni la mteremko. Mtoto wa miaka tisa.

"Mbona hukutwambia, Bibi?"

Akanyamaza. Kisha akasema maneno mawili ambayo tumeyabeba tangu siku hiyo. La kwanza: "Yale madirisha yalikuwa yanatazama na kwangu pia. Mti wenu umenisitiri. Ningesemaje ukatwe?" La pili alilisema akimtazama mke wetu, si sisi: "Usiku, kusi likivuma, huo mti hulia. Mwanzo nilikuwa nikiuchukia. Tangu alipofariki mzee, nikaona si mimi peke yangu ninayelia."

Wasomaji watatwambia kwamba sauti ile ni upepo kupita katika vitawi vyembamba, na ndivyo ilivyo. Wapo pia wanaosema mvinje ni makao ya majini, wakaukwepa magharibi. Hilo halina msingi tunaoujua, na tunawasihi akina mama wasiwatishe watoto nalo. Lakini usiku ule tulilala tukiisikiliza.

Sheria yenyewe iko wazi, na tuliwahi kuisomesha zaidi ya mara ishirini. Hewa iliyo juu ya kiwanja cha mtu ni haki yake. Tawi la mti wako likivuka mpaka, jirani ana haki ya kukutaka uliondoe. Ukikataa, yeye anaweza kulikunja lirudi kwako, na isipowezekana, kulikata. Mizizi nayo ina hukumu kama hiyo. Sisi tulidhani masala hayo ni ya watu wagomvi wanaopelekana kwa chifu. Hatukuwaza kwamba mwenye haki anaweza kunyamaza miaka minane kwa haya, na kwa kupenda kivuli kile kile kinachomdhuru, na mwenye mti akaendelea kuketi mkekani akihesabu sadaka za ndege. Jibrili alimuusia Mtume wetu juu ya jirani hata akadhani atarithishwa. Wosia huo haukusema jirani aje alalamike kwanza.

Tulikubaliana hivi. Mivinje minne iliyo karibu zaidi na bati lake ikatwe. Mitano ibaki, ikatwe matawi ya upande wake hadi juu ya urefu wa paa. Gata lifunikwe wavu wa chuma kwa gharama zetu, tangi lioshwe, na kila Alkhamisi kijana wetu, si mjukuu wake, apande kusafisha miezi yote ya kusi.

Mbao hatukuziuza. Alizitaka kwa jiko lake lililokuwa limeanguka upande, nasi tukampa nguzo zote nne. Mvinje ni mti mgumu, msumari huupinda. Nguzo zake siku hizi ndizo zinazojenga nyumba nyingi za Kwale na Kilifi, na katika hilo kuna kheri kubwa kwa mikoko. Pale Gazi, Msambweni, jamii iliyoanzisha mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013 hupanda pia mashamba ya mivinje, ili mtu anayehitaji mti wa kujengea au kuni aache kuingia mikokoni na shoka. Kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi. Sindano kavu nazo ni za kuwashia moto, na sasa yule mama huja kuzichukua kwa gunia. Ndizo zile zile.

Kosa letu la pili lilikuwa dogo lakini twalitaja ili lisirudiwe. Fundi alitushauri mmoja wa ile mitano tuukate katikati ya shina ili uchipue na kuwa kichaka kizito cha stara. Tukakubali. Mvinje mkubwa hauchipui vizuri kama mwarobaini au mjohoro. Ukiukata shina umekwisha. Ulikauka kwa miezi mitatu ukiwa umesimama. Kwa hiyo tunayo minne. Anayetaka ua wa mvinje uliokatwa sawasawa na auanze kuukata tangu miche ikiwa midogo, kimo cha kiuno, apunguze ncha kidogo kidogo kila mwaka.

Basi kwa mama aliyetuonyesha simu yake wiki iliyopita, na wenzake: naam, pandeni. Mkitaka kuotesha wenyewe, chumeni vitunda vilivyoanza kugeuka kahawia, mvitandaze juu ya kitambaa juani siku chache. Vitafunguka na mbegu ndogo zenye ubawa zitaanguka. Zioteni kwenye mchanga chini ya kivuli chepesi, na mzilinde na chungu kwa majivu pembezoni, kwani chungu huzibeba zote kwa usiku mmoja. Msisahau udongo wa mvinje mkongwe. Mti uwe mbali na ukuta wowote, wenu au wa jirani, si chini ya hatua saba, na mbali zaidi na kisima na shimo la choo, kwa kuwa mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi. Mwenye kiwanja chembamba asipande mvinje kabisa, achukue mwashoki na avumilie popo. Chini ya mvinje msitarajie mchicha wala maua, sindano zitavifunika. Na kabla ya kuchimba shimo la kwanza, simameni mahali hapo mtazame kusi linaelekea wapi, na kaskazi linaelekea wapi, na bati la nani liko njiani. Kisha mwende mkabishe hodi kwa mwenye bati hilo, mkiwa na mche mkononi, mumuulize.

Sisi hatukuuliza. Yule mama alitusamehe tangu siku ile ya kahawa, nasi tulimwomba atusamehe tena mwezi wa Ramadhani uliofuata, akasema tumekuwa wasahaulifu, alishasema. Siku nyingine hutuma mjukuu, ambaye sasa ni kijana wa kubaleghe, kuchukua vitawi vichache vibichi vya kuweka juu ya kaburi la marehemu, kwa kufuata aliyoyafanya Mtume (S.A.W.) na kuti bichi juu ya makaburi mawili. Twampa. Mti wenyewe tumemshauri asiupande kaburini, kwa ajili ya mizizi.

Ule wavu wa gata umeanza kushika kutu. Tumemwambia fundi aje aubadilishe kabla kusi halijaanza.